Taa Isigeuke Moto: Hotuba ya Mtunza Banda la Vinyonga

(Hotuba hii ilitolewa na mtunza banda mbele ya mkutano wa wanachama, pale uwanja wa ghala. Tumeinakili hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani siku ile. Anayejua kusoma amsomee jirani yake. Tafadhali karatasi isichanwe.)



Nimesimama hapa kwa mambo mawili. La kwanza ni kukiri kosa. La pili ni kueleza jinsi kosa lile lilivyotokea na jinsi ya kulizuia lisitokee tena, kwani hoja iliyo mezani leo ni kama banda letu la vinyonga liendelee au lifungwe. Sitaki mpige kura kwa kusikia maneno ya njiani. Pigeni kura mkiwa mnajua.

Wote mnajua banda lile lilivyoanza. Tuliomba kibali, tukakipata, tukaweka vinyonga wachache ili wanafunzi na wageni wanaopanda huku Usambara wawaone bila ya kuingia msituni na kukanyaga kila kitu. Kiingilio kinaingia katika mfuko wa ushirika. Mfuko huo ndio ulionunua mabati ya chumba cha mizani. Kwa hiyo banda si mchezo wa mtu mmoja, ni mali yetu sote.

Sasa, mwezi wa saba mwaka jana, kinyonga wetu dume, yule wa pembe tatu mwenye tanga mgongoni, aliungua. Hakuungua kwa moto wa kuni. Aliungua kwa taa. Na taa ile niliiweka mimi kwa mikono yangu.

Wapo waliosema ni mkosi, maana kinyonga tangu zamani anasingiziwa mengi. Wapo waliosema ajali haina kinga. Ndugu zangu, ajali ile ilikuwa na kinga. Ila mimi sikuijua.

ILIVYOKUWA

Mnakumbuka baridi ya mwezi ule. Ukungu ulikaa mpaka saa tano asubuhi. Vinyonga tulikuwa tumewaingiza chumbani, kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo siafu walipita nje usiku na kutumalizia wawili. Ndani ya chumba hakuna jua, basi tukaweka balbu ya wati 40 juu ya kila kizimba, iwape joto la asubuhi.

Balbu ile ikaungua. Nikaenda dukani, hakuna ya wati 40. Ipo ya 100. Nikasema moyoni, si afadhali hii, na baridi hii? Nikaifunga. Halafu kwa huruma yangu nikaishusha taa mpaka ikalala juu ya wavu wenyewe. Nikaona kinyonga anapanda kwenye kijiti cha juu kabisa, anajitandaza ubavu, anakuwa mweusi kama mkaa. Nikafurahi. Nikasema, tazama anavyoipenda taa.

Siku ya tatu nikaona baka jeupe juu ya tanga lake. Nikadhani anajivua ngozi, maana kinyonga hujivua ngozi vipande vipande, na ngozi ikiwa inatoka huwa nyeupe. Nikamwacha. Siku ya sita baka likawa jeusi, kavu, gumu kama ganda la chungwa lililosahauliwa juani. Hapo ndipo nilipomwita daktari wa mifugo. Akatazama mara moja tu, akainua macho juu kwenye taa, akaniambia: "Bwana, huyu umemchoma."

Sikuwa na la kujibu.

KWA NINI HAKUKIMBIA?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu ananiuliza, na hata mimi nilimwuliza daktari. Mnyama ana miguu, ana macho yanayotazama mbele na nyuma kwa wakati mmoja, kwa nini akae pale mpaka aungue?

Jibu lake ni hili. Kinyonga hana joto la mwili la kudumu kama sisi au ng'ombe. Hupata joto lake nje, kwa jua. Asubuhi anakuwa baridi, anageuza ubavu kwenye jua, anajifanya mweusi ili apokee joto vizuri, na anakaa hapo mpaka mwili mzima upate moto. Akishatosheka anarudi kivulini. Ndivyo alivyoumbwa.

Sasa jua lina upana. Linampiga mwili mzima sawasawa. Taa iliyo karibu haipigi hivyo. Inapiga mahali pamoja, kama doa. Tanga lake linaungua, na huku tumbo na miguu bado ni baridi. Mwili unamwambia, bado, kaa kidogo. Naye anakaa.

Wazee wangu, jambo hili mnalijua ninyi kuliko mimi. Mtu akiota moto jikoni usiku wa baridi, miguu ya mbele inashika mabaka na huku mgongo unatetemeka. Haondoki, kwa sababu mgongo bado una baridi. Basi kinyonga ni hivyo hivyo, tena yeye hana wa kumwambia "sogea, unanuka moshi."

Na kuna jambo la pili. Makali ya taa hayapungui wala kuongezeka kidogo kidogo tunavyofikiri. Ukiisogeza taa ikawa nusu ya umbali wa mwanzo, makali yake huongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo mimi nilipoishusha taa na papo hapo nikaweka balbu kubwa zaidi, nilizidisha kosa juu ya kosa.

Na la tatu. Kinyonga yule tulimpokea akiwa mdogo. Kijiti kile cha juu kilimfaa wakati ule. Lakini dume wa aina hii hukua mpaka karibu sentimita 30 pamoja na mkia, na tanga la mgongoni nalo linapanda. Kijiti hakikusogea. Mgongo ndio uliosogea, ukaifuata taa.

JINSI YA KUWEKA TAA

Hebu sasa niwape utaratibu tunaoufuata tangu siku ile. Nimeupima mwenyewe, na daktari ameuona.

Kwanza, taa ikae nje ya kizimba, wala isilale juu ya wavu. Kinyonga hupanda wavu na kuning'inia chini juu, tumbo likiwa karibu na balbu. Taa iliyolala juu ya wavu ni sawa na jiko lililolala juu ya mgongo wake.

Pili, kati ya balbu na mgongo wa kinyonga iwepo nafasi isiyopungua rula moja ya mwanafunzi, yaani sentimita 30. Angalieni vizuri: nimesema mgongo, sikusema kijiti. Mwacheni akae juu ya kijiti, ndipo mpime. Na kila baada ya miezi miwili mpime tena, maana anakua.

Tatu, balbu iwe ndogo. Huku kwetu chumbani wati 40 inatosha. Balbu ndogo ikikosekana dukani, kinyonga akae bila taa siku ile. Siku moja ya baridi haimwui kinyonga wa milimani. Balbu kubwa siku moja inaweza kumharibu.

Nne, tumieni mkono. Weka mgongo wa kiganja pale utakapofika mgongo wa kinyonga, ukae dakika tano kwa saa. Siyo nusu dakika, dakika tano. Ukiona mkono unakuchoma au unatamani kuutoa, taa iko karibu mno. Pandisha.

Tano, anayeweza apate kipimajoto. Chetu tulikinunua kwa fedha za viingilio vya siku moja. Kifungwe pale pale juu kwenye usawa wa mgongo, kisifungwe ukutani, na kiachwe saa nzima taa ikiwaka. Kwa vinyonga wetu wa milimani, mahali pa kuota pasizidi nyuzi 28 hivi. Upande wa pili wa kizimba ubaki baridi, nyuzi 20 hadi 22, ili anapochoka na joto apate pa kukimbilia. Kinyonga wa tambarare, yule wa kijani mwenye masikio ya ngozi tunayemwona tukishuka bondeni, yeye anastahimili nyuzi 30 hadi 32 mahali pa kuota. Asichanganywe hesabu na huyu wetu.

Sita, usiku taa izimwe. Isiwepo nyekundu, isiwepo ya bluu, isiwepo yoyote. Kinyonga anahitaji giza na baridi ya usiku ndipo apumzike. Hata nyuzi 15 kwake ni kawaida, ndiyo hali ya msitu wake. Taa ya joto iwake saa chache za asubuhi, halafu basi.

ISHARA ZA KUTAZAMA

Akiwa mweusi na amejitandaza kuelekea taa, ana baridi, anaota. Si kosa, lakini akikaa hivyo mchana kutwa, kuna jambo.

Akiwa amepauka rangi na anafungua kinywa kama anayetweta, amezidiwa na joto. Zima taa hapo hapo.

Ukiona baka jeupe au la kijivu juu ya mgongo, kichwani au kwenye kiwiko, usiseme anajivua ngozi kama nilivyosema mimi. Ngozi inayojivua hulegea na kuanguka, na chini yake ni safi. Baka la kuungua halianguki. Baada ya siku kadhaa linakuwa jeusi. Kuungua kwa kinyonga huchelewa kuonekana, ndiyo hatari yake.

Ukiliona, ondoa taa, mpe maji ya kunywa kwa kumdondoshea juu ya majani, na mwite daktari siku ile ile. Usimpake mafuta ya kupikia, usimpake dawa ya meno, usimpake majivu, wala usikibandue kile kipande kilichokufa. Huyu wetu daktari alitoa krimu ya majeraha ya moto, nikampaka kwa majuma sita. Amepona. Lakini kipande cha tanga kilikatika chenyewe, na limebaki pengo kama jahazi lililochanika tanga. Mgeni akiuliza, namweleza ukweli.

JUA NDIYO TAA YA KWELI

Ndugu wanachama, katika kutafuta habari hizi nimejifunza jambo ambalo limenitia aibu. Tulikuwa tunanunua umeme wa Luku ili kumpa kinyonga kitu ambacho Mungu anakimwaga bure hapo nje.

Jua lina joto, na lina mwanga mwingine usioonekana kwa macho, unaouwezesha mwili wa kinyonga kutengeneza vitamini D, na vitamini hiyo ndiyo inayopeleka chokaa kwenye mifupa. Asipoupata, mifupa inakuwa laini, taya linapinda, miguu inashindwa kumbeba. Balbu ya kawaida haina mwanga huo. Zipo taa maalumu wanazotumia wafugaji wa Ulaya na Marekani, maana huko majira ya baridi jua halitoshi. Taa zile ni ghali, na baada ya miezi kadhaa nguvu yake hupungua ingawa bado inawaka. Na mwanga ule haupenyi kioo cha kawaida, kwa hiyo kumweka kinyonga dirishani nyuma ya kioo hakumsaidii mifupa, bali kunampikia tu.

Basi siku hizi vizimba vyetu hutoka nje saa mbili asubuhi jua likiwepo, na kurudi ndani kabla ya saa tano. Vizimba ni vya wavu pande zote, si vya kioo. Sanduku la kioo juani ni tanuri. Nusu ya kizimba inafunikwa na majani ya mgomba, achague mwenyewe jua au kivuli. Na mtu anakaa hapo, kwa ajili ya siafu, paka na mwewe. Tangu tuanze hivyo taa tumeiwasha siku za ukungu tu.

MOTO WA NYUMBA

Sijamaliza. Siku ile daktari aliponionyesha kosa langu, nilipoifungua taa niliona jambo jingine. Holda ilikuwa ya plastiki, na ilikuwa imeanza kuyeyuka. Nyasi kavu tulizopamba nazo paa la kizimba zilikuwa shubiri moja kutoka pale. Na ukuta wa pili wa chumba kile ni ghala lenu la mahindi na mbolea.

Nilikaa chini. Nilifikiri juu ya kinyonga mmoja, kumbe ningewachomea kijiji chakula cha mwaka.

Kwa hiyo holda sasa ni za kauri. Taa zinaning'inizwa kwa mnyororo, haziningʼinizwi kwa waya wake wa umeme. Waya unashuka chini kwanza ndipo upande kwenye soketi, ili maji yakifuata waya yadondoke sakafuni yasiingie kwenye soketi. Tunaponyunyizia maji vizimbani, taa inazimwa kwanza ikapoa, kwani tone la maji baridi hupasua balbu yenye moto. Nyasi kavu zimeondolewa. Na umeme ukikatika, swichi inazimwa, usije ukarudi usiku hakuna mtu.

Akina mama mnaolea vifaranga kwa taa, haya ni yenu pia. Mama mmoja aliniambia vifaranga wake hawakai chini ya taa, wanakimbilia pembeni, akadhani taa haitoshi, akaishusha zaidi. Mama yangu, wale walikuwa wanaikimbia! Vifaranga wakirundikana chini ya taa wana baridi, shusha kidogo. Wakitawanyika mbali na taa huku wamefungua midomo, wamezidiwa, pandisha. Wakienea kila mahali na kula, hapo sawa. Juma la kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza nyuzi tatu hivi kila juma. Taa ining'inizwe kwa mnyororo au waya mgumu, isiegemezwe kwenye boksi wala kuwa karibu na maranda. Na anayetumia jiko la mkaa, asifunge chumba kikakosa hewa, hewa ya mkaa huua vifaranga na watu pia.

NA WATOTO WETU

Neno la mwisho ni kwa vijana. Tangu banda lianze, watoto wengine wamekuwa wakikamata vinyonga msituni na kuwaweka kwenye makopo na mitungi, wengine wanawawekea tochi na kibatari ili "waote moto". Acheni. Kinyonga yule wa pembe tatu haishi nchi nyingine yoyote duniani, ni wa milima ya Tanzania peke yake. Mwaka 2006 wataalamu walipounda jina jipya la kundi jingine la vinyonga wa misitu hii, waliliita Kinyongia, wakachukua neno letu la Kiswahili. Duniani kote mtu anayewataja hao, anataja kinyonga.

Biashara ya vinyonga inasimamiwa kwa mkataba wa kimataifa tangu mwaka 1977, na mwaka 2016 Serikali yetu ilisimamisha kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje. Kukamata bila kibali ni kosa. Mtoto akitaka kumwona kinyonga, aje bandani. Mtoto wa kijiji halipi kiingilio.

MAOMBI YANGU

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo matatu yaingie kwenye kumbukumbu. Kwanza, banda lihame kutoka ukuta wa ghala, lijengwe peke yake kule karibu na kisima. Pili, maagizo haya ya taa yabandikwe mlangoni, na mtunza banda yeyote asiyeyafuata aondolewe, nikiwemo mimi. Tatu, gharama ya daktari na krimu ikatwe kwenye posho yangu. Sitaki mwanachama ailipe.

Mkiamua kulifunga, sitanung'unika. Tutaomba maelekezo ya ofisi ya wanyamapori, na vinyonga warudishwe kama itakavyoelekezwa. Lakini mkiamua liendelee, basi liendelee kwa uangalifu na siyo kwa huruma tu. Huruma niliyokuwa nayo ilikuwa nyingi. Nilichokosa ni rula.

Kinyonga hana haraka. Anaweka mguu, anapima, anayumba, ndipo anaweka mwingine. Sisi tunamcheka. Siku ile ningepima kama yeye, tanga lake lingekuwa zima.

Nimemaliza. 

(Mkutano ulikubali maombi yote matatu. Banda litaendelea. Kazi ya kuchimba msingi wa banda jipya ni Jumamosi saa moja asubuhi, kila nyumba ilete jembe moja na mtu mmoja.)